Nimeenda Berlin kumtafuta Mohamed Husen wa Dar

Nilikuwa Berlin siku tisa kwa mambo ya kikazi, hizo nane sina cha kusimulia, baridi na kahawa za bei ya kuumiza basi. Jumapili ndo ilikuwa yangu, na nilishaapa nitaitumia kumtafuta Mohamed Husen.

Kwa wasiomjua: ni mtoto wa Dar, kazaliwa 1904, baba yake askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe akaingizwa vita ya kwanza akiwa bado mtoto kabisa. 1929 akafika Berlin akiwa anafanya kazi melini, akaenda wizarani kudai mishahara ya jeshi, yake na ya baba yake. Wakamwambia kachelewa kudai. Hakurudi. Akawa mhudumu kwenye jumba la starehe pale Potsdamer Platz, akaoa Mjerumani Januari 1933, akafundisha Kiswahili chuo kikuu kwa malipo kiduchu, halafu akawa mwigizaji wa filamu, zaidi ya 20 kuanzia 1934. Mwigizaji kweli, ila muda wote wanampa nafasi za boi, mpagazi, mtu wa kushika mwavuli. Ya mwisho ni ya 1941, ile ya Carl Peters, yaani yule yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na Husen akacheza kama mkalimani wake. Mi niliiangalia vipande nikashindwa kumaliza.

Basi asubuhi nikapanda treni ya Oranienburg, ndiko ilikokuwa Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Nimekata tiketi kwenye mashine, nimeigonga muhuri vizuri, nimekaa. Kama vituo vitatu kabla ya kufika, jamaa wawili wamevaa majaketi ya kawaida tu, nikadhani abiria wenzangu, wakatoa vitambulisho. Tiketi! Nikawapa. Yule mrefu akaigeuza akasema hii ni ya kanda A na B, hapa tuko C. Nikamwambia kaka mi mgeni, nimelipa, angalia hata muhuri, niambie inapungua ngapi niongeze sasa hivi. Hataki. Pasipoti. Anaandika polepole majina yangu yote matatu huku behewa zima linaangalia dirishani, hakuna hata mmoja aliyesema neno, kwetu kwenye daladala hapo abiria wangeshaingilia, mama mmoja angeshasema mwacheni mgeni wa watu. Euro 60, karibu laki mbili. Mikono ilinitetemeka, na nikamuwaza Husen amesimama mbele ya meza ya wizara na madai yake, anaambiwa tarehe imepita.

Kambini kiingilio ni bure. Uwanja mkubwa, upepo unakata masikio, nimetembea masaa mawili. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya mapenzi na mwanamke mwingine wa kizungu, bila kesi wala hukumu wakamleta hapa, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Miaka mitatu. Mtu wa Dar, baridi ile.

Jioni nikaenda Brunnenstraße 193 alikokuwa anakaa. Kuna kijiwe cha shaba cha kumkumbuka, sentimita 10 kwa 10, barabarani, wamekiweka 2007. Nimepita mara mbili bila kukiona, kuna majani na baiskeli imeegeshwa juu yake. Nikaisogeza, nikachuchumaa nikafuta na skafu mpaka jina likasomeka. Watu wanapita tu. Pale Posta Dar nimepita kwenye sanamu ya askari tangu naenda shule, na sijawahi kufundishwa darasani kuhusu huyu mtu hata mstari mmoja, nikaja kumjua kwenye simu.

Nikiwa nimesharudi hotelini nikampigia mama nikamsimulia. Faini hata hakuijali. Akauliza, mtoto wa nani huyo, watu wa mtaa gani? Nikasema sijui mtaa mama, najua tu baba yake alikuwa na cheo cha efendi jeshini. Akanyamaza kidogo. Umemsomea Fatiha lakini?

Sikuwa nimesoma. Nikavaa koti, nikakata tiketi nyingine, nikarudi.