Matarumbeta hayapaswi kukwaruza

Jumapili usiku, Moshi

Leo nimetumiwa video nyingine ya harusi yenye sauti inayokwaruza, na imeniuma. Picha safi, bi harusi kapendeza, pikapu ya matarumbeta inazunguka kipilefti cha Mnara wa Saa, lakini trombone na ngoma kubwa vimegeuka mkoromo mmoja. Watu wameshazoea. Wanaamini muziki wa sauti kubwa ukirekodiwa lazima ukwaruze. Mimi siamini, na rekodi niliyofanya jana harusini imenipa nguvu ya kulisema.

Kila kifaa kina kikomo chake. Wimbi la sauti likizidi hapo, kilele chake kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi hata ukeshe na kompyuta. Tatizo ni kwamba vikomo viko zaidi ya kimoja. Kuna maiki yenyewe, kuna amplifaya inayoipokea, halafu kuna hatua ya kugeuza sauti kuwa namba, ambako mwisho wake ni desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; yaliyo chini ya mwisho huo yanasomwa kwa namba hasi). Wengi wanaangalia huo wa mwisho tu, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye skrini. Lakini maiki ikishazidiwa, kushusha levo, yaani kiwango cha kurekodi, huku mbele kunakupa mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Likuze wimbi uliangalie: vichwa viko bapa kama ua la michongoma lililopitiwa na mkasi, na kipimo kinasoma -15, mahali panapoonekana salama kabisa.

Ndiyo maana jana nilianza na miguu kabla ya vitufe. Bendi ikijipanga nje ya kanisa, nilivuka barabara na kusimama ubavuni, si pale midomo ya matarumbeta ilikoelekea. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, na nafuu hiyo inaifikia maiki yenyewe, bila gharama. Nikazima levo ya otomatiki. Hiyo siipendi hata kidogo: ngoma ikigonga inashusha kila kitu, kisha inapandisha polepole, muziki mzima unabaki unahema.

Nikamfuata kiongozi wao.

"Shikamoo, baba. Naomba mpige kidogo pale mnapopigaga kwa nguvu zote, nipime."

"Marahaba, mwanangu. Nguvu zote? Haya, shika masikio."

Wakapiga. Nikaweka vilele kwenye -12, maana kwenye kupima watu hujizuia, ila bi harusi akitokeza mlangoni hakuna anayejizuia tena. Na kweli, alipotokeza vilele vilipanda mpaka -5. Kurekodi chini namna hiyo hakunipotezei kitu: biti ni tarakimu zinazohifadhi kila kipimo cha sauti, na biti 24 kwa hesabu zina nafasi ya desibeli 144 kati ya sauti ndogo na kubwa, wakati biti 16 zina 96. Sauti naipandisha nyumbani. Kuna vinasa vya siku hizi vya biti 32 za floti, namba zenye nafasi kubwa kupita hata hiyo 0, ambavyo levo ikipita kwenye namba unairudisha baadaye, navyo ni vizuri sana, ila maiki iliyozidiwa haiokolewi na namba.

Najali haya kwa sababu ya huu muziki wenyewe. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kupiga tarumbeta kwa sauti nne za kwaya ni mapokeo yaliyokuja na Wajerumani. Wachaga wakayashika yakawa yao, kanisani, msibani, na kwenye misafara ya harusi. Sauti nne hizo ndizo zinazokufa kwanza kwenye rekodi iliyokatwa. Unabaki na wimbo unaoutambua, lakini huwezi kujua nani alipiga nini.

Jana mzee yule alivaa hedifoni zangu pale pale barabarani. Kwanza akalalamika, "Mbona sauti ndogo?" Nikampandishia. Akasikiliza kimya beti zima, kisha akainua kidole.

"Huyo wa sauti ya tatu anachelewa kuingia. Nilikuwa namhisi, sina ushahidi."

Akamwita kijana wa trombone, akamvalisha hedifoni, na akaniomba nirudishe nyuma mahali palepale. Kijana akakubali kwamba ni kweli. Wananisubiri kwenye mazoezi ya wiki hii, na wamesema nije na spika ili wote wasikie.