Kwenda Arusha na Michoro ya Shemeji

Konda wa Kosta aliutazama mzigo, akamtazama shemeji, kisha akatoa hukumu: "Mangi, hizo mbao zako zinalipa siti mbili." Shemeji si Mchaga. Ni mtu wa Tunduru aliyeoa kwetu, lakini stendi ya Moshi ukionekana una nguvu ya kubishania nauli basi wewe ni mangi. Wala hazikuwa mbao. Zilikuwa kanvasi zilizokwisha kukazwa kwenye fremu, zimefungwa kwa kadibodi, blanketi la watoto na kamba za katani. Tulivutana pale mpaka dereva akapiga honi, tukaafikiana siti moja na nusu, na ile nusu nikaikalia mimi.

Safari yenyewe ilitokana na ujumbe wa simu. Taasisi moja ya utamaduni jijini Arusha ilikuwa imeziona picha zake, ikazichagua kadhaa kwenda kwenye maonesho Ujerumani, ikamtaka azilete mwenyewe. "Mwenyewe" lilisisitizwa. Mimi nilikuwa msindikizaji, mbeba blanketi, na mtu wa kusoma makaratasi, kwa sababu shemeji akiona karatasi yenye kurasa zaidi ya mbili macho humuuma.

Njia ya Moshi hadi Arusha ni kilomita themanini hivi, na nusu ya kwanza haina la kusimulia: Weruweru, daraja la Kikafu, Boma Ng'ombe na ndizi zake madirishani, kisha ile nchi kavu ya kuelekea njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ambako upepo hupita na vumbi lake. Mlima ulikuwa umejifunika nyuma yetu. Baada ya Kikatiti kijani kikarudi, Meru akajitokeza upande wa kulia, na tulipokaribia Usa River tukaanza kupishana na Landcruiser za watalii, paa zimekunjuliwa nusu, moja baada ya nyingine.

"Unaona hizo gari?" shemeji akaniuliza. "Wakiwa wanarudi uwanja wa ndege, hakuna isiyokuwa na mchoro ndani. Umeviringishwa kwenye bomba la karatasi. Huenda mmoja ni wangu."

Hapo ndipo penye jambo. Watu wanasema sanaa yetu haijafika nje. Imefika, tena kila siku, ndani ya masanduku ya wageni. Isichofika nacho ni jina la aliyeifanya. Kuna duka, silitaji, ambalo shemeji aliliuzia picha kwa miaka. Mwenye duka alimwomba asisaini. Eti mgeni anataka aseme amenunua tingatinga, hana haja na fulani bin fulani. Shemeji alikubali kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Tingatinga aliyekuwa mtu sasa hivi ni aina ya picha. Edward Said Tingatinga alitoka huko huko Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa akiwa kijana bado. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea kukaa barazani Oyster Bay na kuchora, na mwaka 1990 wakajiunga kuwa ushirika. Shemeji alijifunzia hapo, kwa mjomba wake: kwanza kupaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, halafu kujaza madoa ya chui, na baada ya muda mrefu sana ndipo aliporuhusiwa kuchora mnyama mzima. Majina ya wengi waliokaa barazani pale huyasikii popote, ingawa picha zao ziko sebuleni kwa watu Oslo na Tokyo.

Tengeru tukaingia ile barabara ya njia nne, na Arusha ikaanza kwa kelele zake. Stendini chalii mmoja wa bajaji alitaka kuzifunga kanvasi juu ya paa. Shemeji alimwangalia kwa namna ambayo yule kijana aliziingiza ndani mwenyewe bila kuambiwa, akatuachia mimi na shemeji tujibane.

Taasisi iko maeneo ya Njiro, kwenye nyumba ya zamani yenye miti ya jakaranda uani. Nilitegemea ukumbi mkubwa wenye zulia. Nikakuta vyumba vyeupe vitupu, darasa la watoto wakimwagiana rangi, na kibanda cha nyuma ambako mchoraji kutoka Mwanza alikuwa amepewa chumba, chakula na vifaa akae wiki kadhaa afanye kazi yake bila kuulizwa kodi. Wanaita ukaazi wa wasanii. Dar es Salaam pale Nafasi Art Space, iliyoanza 2008, wasanii wana studio ndani ya makontena ya meli. Hapa kontena ni kile kibanda.

Aliyetupokea ni dada mwenye miwani na tepu ya kupimia shingoni kama fundi cherehani. "Shikamooni. Karibuni. Nani msanii?" Shemeji akanioneshea mimi kidole, kwa aibu. Dada akacheka, akasema mikono yake yenye rangi kwenye kucha imeshajibu.

Kilichofuata kilichukua mchana kutwa, na ndicho ningependa wachoraji wa Moshi wakione. Kila picha ilifunguliwa, ikalazwa mezani juu ya kitambaa safi, ikapimwa urefu na upana kwa sentimita, ikapigwa picha mbele na nyuma. Mkwaruzo wowote uliandikwa, hata ule wa kona uliotokana na Kosta. Dada alieleza sababu: picha ikifika Ujerumani na doa ambalo halimo kwenye karatasi, bima inalipa; bila karatasi, kila mtu anamsukumia mwenzake. Kisha akauliza jina la kazi.

Shemeji hakuwahi kuzipa picha zake majina. Kwa watu wa duka zilikuwa "simba wawili", "twiga kubwa", "ile ya samaki". Sasa akatakiwa kuzipa majina yatakayochapwa kwenye katalogi. Alitoka nje, akavuta hewa, akarudi. Ile ya fisi amevaa koti katikati ya pundamilia akaiita "Mgeni Asiyekuwa na Kadi". Dada aliandika bila kucheka, ila kalamu ilitetemeka.

Kwenye safu ya vifaa shemeji alitaka tuandike "rangi ya mafuta" tu, aonekane anatumia rangi ghali za kisanii. Dada akakataa. Andika ulichotumia, alisema, rangi ya enameli ya kopo. Huko ndiko ilikotoka historia ya kazi hii na wanaoijua wataitafuta. Halafu akamletea brashi nyembamba kwa zile picha ambazo hazikuwa na saini. Mkono uliozoea kuchora ndevu za chui bila kutetemeka uliandika jina lake pole pole sana, herufi ndogo, kona ya chini kulia. Akaambiwa aandike tena nyuma ya kanvasi, pamoja na mwaka na mahali. Akaandika Moshi. Baada ya kufikiri akaongeza Tunduru.

Mkataba nilisoma mimi. Ulikuwa wa Kiswahili, jambo lililonifurahisha kuliko chai waliyotupa. Umesema picha ni mali ya mchoraji mpaka iuzwe, ukasema taasisi inabaki na sehemu gani ya bei na anayeuza kule anabaki na ipi. Nyumba nyingi za sanaa Ulaya hukata hadi nusu, kwa hiyo ni bora mtu alijue hilo akiwa Njiro kuliko kulisikia baadaye. Kifungu kilichomwamsha shemeji ni cha hakimiliki. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, haki ya kunakili kazi inabaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayenunua picha ananunua ile kanvasi. Hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye vikombe. "Kumbe," shemeji akasema. Ana nyati wake mmoja ambaye amekutana naye kwenye tisheti, dukani, akiuzwa kwa wageni.

Tukiwa bado kwenye vifungu akaingia mzee mchongaji, ametokea Sakina na bodaboda, kaja kuuliza habari ya mzigo wake. Alikuwa amechonga nguzo ya ujamaa, watu wamepandiana mabegani kuanzia mizizi hadi kichwani, kwa gogo moja la mpingo. Kazi nzito, kwa kila maana. Dada alimkalisha, akamweleza kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao: tangu 2017 mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mzigo wa vitu vilivyokamilika ukizidi kilo 10 za mti huo unahitaji kibali cha maliasili kabla ya kuvuka mpaka. Vinyago vidogo vinapita. Nguzo haipiti.

"Mti nimeununua kwa risiti," mzee akasema.

"Ndiyo, baba, na risiti hiyo tutaihitaji. Iko wapi?"

Mzee akanyamaza, akasema iko kwa bibi. Akatumwa kwa bibi.

Hata kasha la kufungia picha lina sheria zake. Mbao za kufungashia zinazovuka nchi lazima zitibiwe kuua wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi katikati ya ubao, kisha zigongwe muhuri. Kasha lisilo na muhuri linaweza kuzuiliwa bandarini pamoja na fisi wako aliyevaa koti. Mchoraji wa barazani angejulia wapi hayo? Mimi nilidhani kazi ya taasisi kama hizi ni kufungua shampeni. Kumbe sehemu kubwa ni mihuri.

Wakati dada akipiga kopi nilizunguka maktaba yao, chumba chenye rafu mbili. Ukutani kulikuwa na picha ya kazi ya George Lilanga, yule wa viumbe wenye masikio makubwa, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, nyumba iliyoanzishwa Dar es Salaam 1972 kwa juhudi za mtawa Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga alifariki 2005 na kazi zake zimo kwenye mikusanyiko mikubwa ya sanaa ya Afrika nje ya bara hili. Bila nyumba ile huenda angebaki anachonga Mtwara na sisi tusingesikia.

"Wewe si wa Moshi?" dada akaniuliza akiwa mlangoni. "Basi huyu ni wa kwenu." Akanipa kitabu chenye kazi za Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu mwaka 1954, akahamia Sweden 1973, na maonesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022, ikawa ya kwanza ya namna hiyo ya mwanamke mchoraji mweusi kuingia kwenye hazina yao. Miaka arobaini imepita katikati. Nimekulia karibu na Marangu na shuleni hakuna aliyenitajia jina hilo. Tulitajiwa Kinyala Lauwo aliyepanda mlima, na kahawa.

Nilimuuliza dada swali lililokuwa likinikera tangu Usa River: kwa nini Wajerumani waone kabla ya watu wa Moshi? Alijibu kwa uwazi kwamba fedha za maonesho zinatoka huko, na anayelipa ndiye anayetaka kuona. Kazi zitakazorudi zitaoneshwa Arusha, na wanazipeleka pia shuleni. Sikuridhika sana. Wafadhili wana macho yao, na macho hayo huwaona simba haraka kuliko wodi ya wazazi. Kati ya picha za shemeji ninayoipenda mimi ni hiyo ya wodi, akina mama watatu kitanda kimoja na muuguzi amelala kwenye kiti. Haikuwa imechaguliwa. Dada aliitazama muda mrefu, akaipiga picha, akasema ataipigania. Tanzania yenyewe ilipata banda lake la kwanza kwenye maonesho ya Venice, Italia, mwaka 2024, maonesho yaliyoanza 1895, kwa hiyo najua haya mambo hayaendi kwa pupa. Lakini nilimwambia apiganie kweli.

Ikabaki habari ya viza. Shemeji amealikwa kwenye ufunguzi. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90, inatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na ubalozi uko Dar es Salaam. Taasisi inaandika barua na kulipia, yeye anatakiwa alete taarifa ya benki. Hapo pakawa na kimya, maana benki ya shemeji ni simu yake. Dada alikuwa amezoea. Akatoa fomu nyingine.

Bei ndiyo iliyomaliza siku. Ile aliyoiandika dada kwa "Mgeni Asiyekuwa na Kadi" shemeji aliisoma mara mbili, akaomba ipunguzwe, akihofia watu watamcheka. Dada akakataa kabisa kupunguza. Waliachia hapo, kwa makubaliano kwamba shemeji alale Arusha na kesho yake awafundishe wale watoto kupaka usuli.

Mimi nikapanda Noah ya jioni. Tulipofika Maji ya Chai dada yangu akapiga simu kutaka kujua kama hela zimetoka. Nikamwambia zimetoka fomu, na kopi zake zote ninazo mimi.