Mvua ya Mawe na Chumvi ya Ng'ombe

Mjomba wangu alifugia ng'ombe zake Mushaki, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo barabara inayotoka Goma huachana na Ziwa Kivu pale Sake na kuanza kupanda kwa kona zisizokwisha, hadi masikio ya abiria yanaziba. Likizo ya Pasaka ya mwaka 1987 tulipelekwa huko, mimi na wadogo zangu, kama zilivyofanya familia nyingi za Goma zilizokuwa na jamaa wafugaji: watoto walikwenda kunywa maziwa na kunenepa, na wazazi wakabaki mjini wakipumua. Boma lenyewe lilikuwa na nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa mabati, jiko la kuni la bibi likiwa pembeni, zizi, banda dogo la kutengenezea jibini, na mbele yake malisho yaliyoteremka wazi mpaka chini kwenye kijito.

Aprili ni mwezi wa mvua huko, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka wingu lilipojikusanya upande wa ziwa siku hiyo baada ya chakula cha mchana. Mchungaji peke yake ndiye aliyelitazama kwa muda, akasema limesimama juu mno na tumbo lake lina rangi isiyo njema, kisha akaanza kurudisha ndama zizini kabla ya saa yao. Upepo ulikuja wa baridi kwa ghafla, mlango wa jiko ukajibamiza, na mawe ya kwanza yakadunda uani yakiwa na ukubwa wa punje za mahindi. Baadaye yakaja makubwa zaidi, tena kwa wingi ambao sijauona tangu siku hiyo. Juu ya mabati kelele ilikuwa kali kiasi kwamba bibi alifungua mdomo kutuambia jambo nasi tukaona midomo tu ikicheza. Mdogo wangu wa mwisho aliziba masikio, akaanza kulia, akaacha kulia alipogundua kwamba hata yeye mwenyewe hajisikii.

Ilipokoma, ilikoma mara moja, na mjomba akafungua mlango. Kwa mtoto wa Goma, ambaye ardhi anayoijua ni mawe meusi ya volkeno kutoka kizingitini hadi shuleni, kuona kilima kizima kimekuwa cheupe ni jambo la kukufanya usimame kwanza. Tulisimama. Chini ya mapaa, mabati yalipokuwa yamemwaga mzigo wake, barafu ilirundikana mpaka juu ya vifundo vya miguu; malishoni ilikuwa nyembamba zaidi, na ncha za majani zilichomoza hapa na pale. Hewa ilijaa harufu kali ya mikaratusi, kwa sababu majani yake yalikuwa yamechanwachanwa na kutapakaa kila mahali. Ng'ombe waliokuwa bado hawajafika zizini walisimama pamoja wakiwa wamegeuzia upepo makalio, mvuke ukiwatoka mgongoni, na mmoja wao, jike jekundu lenye pembe moja, alikuwa tayari anailamba ile barafu bila wasiwasi wowote.

Huwa nasikia watu wakizungumzia mvua ya mawe kama balaa tu, na kwa mkulima ni balaa kweli. Majirani waliokuwa bondeni walikuwa na maharage yaliyoanza kutoa maua, na yote yalilazwa chini. Bibi aliwapelekea mbegu kesho yake, kwa kuwa msimu ulikuwa bado unaruhusu kupanda upya. Lakini boma la mjomba lilikuwa la ng'ombe. Nyasi zikipigwa na mawe huinuka tena, na siku ambayo haiwezekani kuchunga, kukata kuni wala kulima bustani, na hakuna mtu wa kulaumiwa, ni sikukuu ambayo haipo kwenye kalenda. Ndiyo maana nasema bila kuona haya kwamba ile ilikuwa miongoni mwa siku zangu za furaha kabisa.

Tulianza kwa kutupiana, jambo ambalo halihitaji kufundishwa. Binamu yangu mkubwa akaleta bidoni, yaani madumu, za mafuta zilizopasuliwa, zile ambazo mjomba alizitumia kulishia ndama, akakalia moja juu ya mteremko na kusukumwa. Barafu iliyolala juu ya nyasi iliyolowa haina breki. Alikwenda mpaka karibu na kijito, akaruka kando, na bidoni ikaendelea na safari bila yeye. Baada ya hapo foleni ilikuwa ndefu, na mchungaji, mtu mzima mwenye watoto wake, alijipenyeza ndani yake akijifanya anatusimamia. Kulikuwa pia na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, ya kubebea kuni. Tulijaribu kuishusha, lakini magurudumu yake ya mbao yalikataa kuzunguka na kuamua kuteleza kiupande, na mjomba akaipiga marufuku kabla hatujavunja meno. Vidole viliuma kwa namna tusiyoijua, maumivu yanayofanana na kuungua, nasi tulikimbilia jikoni, tukavinyoosha juu ya moto, tukatoka tena. Bibi alikuwa amejifunga vikwembe viwili, yaani vitenge, juu ya sweta, ameketi kwenye kigoda mlangoni. Aliagiza tumletee konzi moja iliyo safi, akaitia yote kinywani, akaitafuna kwa yale meno machache aliyobakiwa nayo, kisha akanyoosha mkono kutaka nyingine.

Nilikuja kuelewa ukubwani kwa nini mambo hayo hutokea Mushaki na si mjini kwetu. Wingu la radi lililosimama wima lina upepo wa ndani unaopanda kwa nguvu, na upepo huo huyarusha matone juu ya kimo cha kuganda, ambacho katika nchi zetu za ikweta kiko karibu na meta 5,000. Huko tone huganda, hukusanya tabaka juu ya tabaka, na linapokuwa zito mno kwa upepo kulibeba huanguka. Likiwa na safari ndefu ya kuteremka katika hewa ya joto, huyeyuka njiani na kufika likiwa tone la kawaida. Likiwa na safari fupi, hufika likiwa jiwe. Milima ya Masisi hupunguza safari hiyo, kama inavyofanya milima ya chai ya Kericho kule Kenya, inayojulikana kwa mvua ya mawe. Ukilipasua jiwe kubwa kwa kisu, kama mjomba alivyotuonyesha siku ileile, unaona duara nyeupe na duara angavu zikipishana.

Alitupasulia jiwe hilo wakati anasubiri lori. Kila alasiri lori lilipita kuchukua maziwa kwenda Goma, na siku hiyo halikuja, kwa kuwa kona za kupandia kutoka Sake zilikuwa hazipitiki. Jibini lake la siku lilikuwa limekwisha kutiwa kwenye kalibu, na maziwa yaliyosalia yangeganda yenyewe kabla ya asubuhi. Akatuamuru tukusanye barafu yote iliyokuwa chini ya mapaa, kwa ndoo, kwa mabeseni, kwa majembe, tukaimwaga kivulini nyuma ya banda na kuyafukia makopo ya maziwa mpaka shingoni. Hiyo ilikuwa kazi, lakini hakuna aliyeiona kuwa kazi.

Kisha mjomba akatulia kidogo akitazama lile rundo, akasema, "Nendeni mkaniletee chumvi ya ng'ombe." Ilikuwa chumvi ya mawe ya Katwe, ile inayochimbwa ziwani huko Uganda na ambayo wafugaji wa upande wetu wameitumia tangu zamani. Aliiponda kwa nyundo juu ya jiwe, akaichanganya na barafu ndani ya ndoo, akachukua kopo la bati lililokuwa la maziwa ya unga, akalijaza maziwa ya asubuhi yaliyokorogwa na sukari ya bibi, akalifunika vizuri, akalizika katikati ya ndoo. Kazi yetu ikawa kulizungusha kopo hilo kwa zamu, huku na huku, bila kupumzika. Barafu tupu inayoyeyuka haishuki chini ya nyuzi sifuri, lakini ukiitia chumvi huyeyuka kwa haraka na kulipa deni la joto kwa kulinyang'anya kila kilicho karibu nayo, hata mchanganyiko ukashuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Sisi hatukujua hayo. Tuliona tu bati likiota ukungu, ukungu ukigeuka kuwa unga mweupe, na binamu yangu mdogo akapiga yowe alipogusa kwa kidole kilicholowa na kidole kikagoma kutoka. Mjomba alikimwagia maji ya uvuguvugu, kikabanduka.

Alipofungua kifuniko, maziwa yalikuwa yameshikamana na ukuta wa kopo, mazito, yenye chembechembe. Tulikula kwa kijiko kimoja, tukianza na bibi kama inavyostahili, na kijiko kilipomaliza mzunguko kikarudi kwake bila mjadala. Ladha ilikuwa ya sukari na ya moshi kidogo, kwa kuwa kibuyu cha kukamulia kilisafishwa kwa moshi. Nimekula krimu za barafu katika hoteli za kando ya ziwa zenye bei ya kutisha, na bado naona zimepungukiwa na ule moshi.

Jioni mawingu yalifunguka upande wa mashariki, na tukaiona Karisimbi, ambayo ina meta 4,507, ikiwa nayo imeezekwa nyeupe kileleni. Mjini tuliizoea hali hiyo baada ya usiku wa mvua kubwa, lakini safari hii tulibishana kwa bidii kama barafu ya mlima ni nyingi kuliko yetu, na mdogo wangu alishikilia kwamba yetu ndiyo nyingi.

Lori lilifika kesho yake likiwa na matope hadi kwenye vioo. Maziwa yalikubaliwa yote, kopo hata moja halikurudishwa. Kilichomgharimu mjomba ni chumvi, maana tulikuwa tumeendelea kupika maziwa ya barafu hadi usiku, na ng'ombe walipokwenda kwenye kihori chao asubuhi walikikuta kitupu, wakasimama hapo wakilia. Dereva alipewa pesa alete mfuko mwingine kutoka Sake. Ulipofika, mjomba aliufungia stoo, na ufunguo akamkabidhi bibi, ambaye aliufunga kwenye pindo la kikwembe chake na kutuuliza kwa sauti ya chini kama sukari tuliyoibakiza inatosha.