Kitabu kilichorudi kinanuka dagaa

Leo kabla ya kengele nimemkuta mtoto mmoja wa darasa la pili ananisubiri mlangoni, mikono ameificha nyuma. "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia. Akanikabidhi kitabu bila kunitazama usoni. Kimevimba kwa unyevu, jalada limekunjika pembe, na katikati ya kurasa kuna dagaa wawili wakavu waliobanwa wakawa bapa. Alikuwa anangoja nimgombeze. Mimi nilikinusa kile kitabu, nikatamani kumkumbatia.

Shule yetu iko upande wa Ilemela, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria kiasi kwamba madirisha yakiwa wazi tunasikia injini za mitumbwi. Nyumba nyingi hapa zinaishi kwa dagaa, na dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo daftari langu la mahudhurio linafuata mwezi wa angani kuliko kalenda ya shule. Giza likianza, asubuhi watoto wanabaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kusaidia kuanika na kugeuza. Mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka, hasara ni ya nyumba nzima. Siwezi kumlaumu mama anayemwita mwanawe waokoe chakula chao.

Lakini ubao haumngoji mtu. Jumatatu nafundisha ma me mi mo mu, Alhamisi nimeshafuta, niko kwenye nda nde ndi ndo ndu, na nina watoto 96. Aliyekosa siku nane akirudi anakuta wenzake wanaitikia kitu asichokijua, naye anaitikia. Mwalimu anayesimama mbele anasikia darasa linasoma. Kumbe kuna wanaosoma na kuna wanaoimba.

Mtoto huyu wa leo alikuwa anaimba. Mwezi wa pili alinisomea ukurasa mzima bila kukosea, sauti safi, macho yako kwenye kenchi. Nikafunika mistari yote kwa kiganja, nikaacha neno moja tu, "mama". Kimya. Nikamwonyesha m peke yake. Kimya. Mwaka mzima wa darasa la kwanza aliusoma kwa masikio. Usiku ule sikulala vizuri, maana ni mimi niliyempa alama ya vema kwenye daftari.

Mtaala mpya wa mwaka 2015 ulipoweka mkazo wa darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nilifurahi sana. Mwaka uliofuata michango ya lazima ikaondolewa, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wakaja, madarasa yakafurika. Yote mawili nayatetea mpaka leo. Ila kumfikia mtoto mmoja mmoja katika umati ule kunataka vitu vya kushika mkononi. Vizibo vya soda na maboksi tumevitumia miaka yote, na vinafaa kweli. Tatizo ni kwamba seti moja ya silabi ya kukata kwa mkono inanichukua jioni tatu, na boksi likilowa narudi mwanzo.

Msaada ulifika mwezi wa tatu. Watu waliosoma hapa zamani walichangishana wakatuletea kadi za silabi zilizofunikwa plastiki, vibao 40 vya kuandikia kwa chaki, mikeka miwili, na vitabu vidogo vya hadithi vya Kiswahili, kurasa nane nane, sentensi moja kila ukurasa. Kulikuwa pia na boksi la vitabu vya Kiingereza, vinene, vya watoto wanaokwenda shule kwenye theluji. Hivyo vimekwenda kwa darasa la sita. Nawashukuru waliovitoa, walitoa kwa moyo. Ila anayetaka kutoa tena namwomba aulize kwanza mwalimu wa darasa. Mtoto anayehangaika na neno "mama" anahitaji kitabu anachoweza kukimaliza, akakifunga, akasema nimemaliza.

Nikawapanga kwa kile wanachoweza, nikiacha kabisa umri: wa silabi, wa maneno, wa aya, wa hadithi. Ngazi hizo si zangu. Zinafanana na zile ambazo Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walizitumia nchini kuanzia mwaka 2010. Kila kundi na mkeka wake au madawati yake, kila kundi na kadi au vitabu vyake.

Siku ya kwanza nilimpa mtoto huyu wa leo kadi sita tu, nikamwambia atengeneze jina la samaki. Akatafuta sa, akatafuta to, akazisogeza mpaka zikagusana. "Sa. To." Akarudia polepole, kidole kikitoka kadi moja kwenda nyingine. "Sato." Akanitazama kuhakikisha kwamba inaruhusiwa. Kisha mwenyewe akataka dagaa. Akaweka da, akaweka ga, akasoma, akatikisa kichwa. "Mwalimu, imekatika." Akasoma tena, bado imekatika. Akapekua kadi zilizobaki, akaichukua a peke yake, akaiweka mwisho. Hakuna aliyekuwa amemfundisha hilo. Aliisikia silabi ya tatu kwa sikio lake, akaona pengo kwa macho yake. Kiswahili kina ukarimu huu kwa mtoto: kinasomwa kama kilivyoandikwa, na akishazishika silabi anaweza kulisoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Lakini lazima azishike kwanza, na kwa wengine kushika huko ni kwa vidole.

Faida kubwa niliyoiona ni hii: anayekosa siku nane akirudi, kadi zake ziko palepale alipoziacha. Halazimiki kuanzia pale wenzake walipofika. Anakaa mkekani na la le li lo lu yake, hakuna anayemcheka, maana kila mmoja ana kazi yake mbele yake.

Seti haikuwa na ng'. Huku kwetu, ambako majina ya watu yamejaa ng'w, ilibidi nikate kadi kutoka kwenye boksi lilelile la msaada, nikaandika kwa makapeni. Ng'ombe na ngoma tukaziweka pamoja wakabishana nusu saa. Bado nina vita ya r na l, "lafiki" na "rafiki". Hiyo nitaiandika siku nyingine.

Kuhusu vitabu kwenda nyumbani, tulivutana ofisini. Wenzangu waliogopa vitachanika, na hofu yao naielewa. Lakini shule niliyoanzia kazi vitabu vya msaada vilifungiwa kabatini ili visichafuke, ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu mmoja, na kabati lilipofunguliwa mchwa walikuwa wamekula hadi majalada. Nilivishika vile vipande. Nilisema nitaandika jina la kila anayeazima na nitajibu mwenyewe kitakachopotea. Mpaka leo kimepotea kimoja.

Saa nne, wakati wa uji, mama wa mtoto huyu wa leo amepita na beseni kichwani. Amekuja kuomba radhi kwa kitabu. "Mwalimu, alikuwa ananisomea mimi, tuko kwenye chanja tunageuza. Nikadhani ananidanganya, anaangalia picha. Nikaweka mkono juu ya picha, nikamwambia haya, soma. Akasoma." Akauangalia ule mkono wake. "Mimi niliachia darasa la tatu. Jana usiku tumekisoma wote wawili, tukakirudia."

Sikuweza kujibu mara moja. Nikamwambia tu, mama, kitabu hakina deni.

Kwa hesabu yangu giza linaanza Jumanne, na mtoto hataonekana mpaka wiki inayofuata. Nimemwandalia bahasha ya kwenda nayo mwaloni: kile kitabu chake, kipya kimoja, na kadi kumi na mbili. Alipoondoka mchana aliomba za kutengenezea "mtumbwi". Ya m ninayo, ya tu ninayo. Ya mbwi haimo kwenye seti. Boksi liko hapa mezani, naenda kuikata.