Kabastola kadogo, kishindo kikubwa
Huku Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anabeba bastola bila kibali, mradi sheria haimkatazi kumiliki, basi ukikaa na washkaji hii mada haiishi. Mi nilianza na kale kadogo ka .380 (ndo saizi ya risasi zake), risasi 6 kwenye magazini, mfukoni hata hukasikii ila ukikafyatua aisee kanaruka kama samaki, risasi 50 tu kiganja kinawaka moto. Afu 2018 ikatoka bastola ya SIG P365, risasi 10 za milimita 9 kwenye umbo dogo vile, watu wakahama. Jamaa yangu kagoma na bastola yake ya Glock 43 ya risasi 6, eti nyembamba inakaa vizuri kiunoni. Sawa, ila yoyote ile mfukoni bila holsta, yaani ala ya bastola, inayofunika triga mi siweki, napenda mapaja yangu.