Boga langu lilivyoota ndevu, na mizimu niliyoitia wanga kama kanzu ya babu

Mwaka wa kwanza hapa Minneapolis, Marekani, nilijifanya sijui kama kuna kitu kinaitwa Halloween, ile sikukuu yao ya kupamba nyumba kwa vitu vya kutisha. Mwaka wa pili watoto wakanibana, mama nyumba yetu tu ndo haina kitu, mtaa mzima una mafuvu na buibui. Nikaenda dukani, mzimu mmoja wa plastiki dola arobaini! Arobaini jamani, na ikishapita tarehe 31 Oktoba unaufungia stoo. Nikasema natengeneza mwenyewe.

Nikaanza na boga, na hapa nna kesi na dada mmoja wa kazini, aliniambia lichonge mapema tu, paka mafuta ya mgando kwenye makato, linakaa mwezi. Nikalichonga tarehe 10. Kuchonga kwenyewe siwachoshi, macho mawili, mdomo, ndani taa ya betri, watoto wakapiga kelele nikajiona fundi. Nyama yake nikaitia nazi, nikala maji yenye nyuzinyuzi, haya maboga ya kuchonga si ya kula bwana, labda mbegu ukaange na chumvi.

Siku ya nne wakaja kindi. Kindi wa huku wamenenepa kama paka wa sokoni, wakaanza na meno niliyoyahangaikia saa nzima, moja baada ya jingine, boga likabaki kibogoyo. Yale mafuta ya mgando nadhani waliyaona kama siagi kwenye mkate. Siku ya saba ndani limeota ndevu, ukungu wa kijivu mpaka puani. Siku ya tisa nikasema nilinyanyue nitupe, kifuniko kikaja, mashavu yakaja, kitako kikabaki kwenye ngazi kama uji uliochacha, nikasugua ngazi mara tatu na harufu iko palepale. La pili nimelichonga tarehe 29 jioni, sikulipaka chochote, likadumu mpaka siku yenyewe.

Sasa mizimu. Kwenye mitandao wote wanasema nunua dawa ya kupuliza ya kukakamaza kitambaa, mimi nikakumbuka bibi Tanga alivyokuwa akitia kanzu za babu uji wa muhogo mpaka kanzu inasimama bila babu ndani. Nikachukua wanga wa mahindi, ule mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito, vijiko vitatu hivi, ukoroge na maji ya baridi kwanza la sivyo utapata madonge, kisha kwenye maji yanayochemka mpaka uwe kama gundi. Kitambaa cha shashi, kile chepesi, nilinunua dola sita au saba. Chupa ya soda juu yake puto, waya wa henga kwa mikono, chini nailoni, loweka shashi, kamua, funika, acha usiku kucha. Asubuhi nikatoboa puto pwaa, mzimu umesimama peke yake hauna kitu ndani! Nikauzunguka mara kumi kama nimejifungua mimi.

Wa kwanza niliutundika mtini, mvua ikapiga, ukarudi kuwa tambara la deki. Wengine wanne nikawaweka barazani chini ya bati. Mzee jirani akacheka, shukuru ni mvua, mwaka 1991 hapa theluji ilianza siku ya Halloween yenyewe ikafika zaidi ya futi mbili.

Usiku nikampigia mama video kumringishia. Kimya. Halafu nasikia anasoma dua. Nikamwambia mama usiogope, ni wanga tu. Hapo ndo nikaharibu kabisa, "Wanga?! Umewaalika wanga mlangoni kwako na watoto ndani?" Wanga wa kanzu mama! Wa kanzu za babu!

Akanyamaza, akasogeza simu machoni.

"Haukukamuliwa huo. Ona mkono ulivyofanya madonge."