Ukuta Uliolowa Haupakwi Rangi kwa Haraka

Kila masika yanapoingiza maji katika nyumba za mabondeni hapa Mtwara, huniuma kuona fundi ameitwa kupiga lipu na rangi kabla hata tope halijaisha uani. Nyumba hupendeza kwa muda mfupi, kisha rangi huvimba na kubanduka, na fedha ya familia ikawa imepotea.

Ukuta wa tofali za saruji hukauka kuanzia nje kwenda ndani, hivyo unaweza kuupapasa ukauona mkavu ilhali katikati bado umejaa maji. Kwa makadirio ya kawaida ya ujenzi, kila milimita 25 za unene, yaani kama inchi moja, huhitaji takribani mwezi mmoja. Ukuta wa inchi 6 unaopata hewa pande zote mbili utataka kama miezi mitatu, pungufu au zaidi kulingana na upepo na jua. Sisi wa kusini tuna nafuu kubwa, kwa kuwa mvua zikikoma mwezi wa Mei upepo wa kusi hushika, na anayefungua madirisha ya pande zinazoelekeana humwachia kusi kazi hiyo bila gharama.

Yapo yasiyosubiri. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu hadi fundi umeme akague soketi, na magodoro, mazulia na dari ya jipsamu iliyolegea vitolewe mara moja, maana kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kwa nia ya kukausha chumba. Hewa yake huua.

Nyumbani kwa shangazi nilibandika kipande cha nailoni ukutani, shubiri moja juu ya sakafu, nikaziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Asubuhi yake upande wa ndani ulikuwa umejaa matone, ingawa ukuta ulikuwa mkavu mkononi. Shangazi aliyatazama, akasema, “Basi mwanangu, ndoo ya rangi irudi stoo.”

Unga mweupe unaojitokeza ukutani baadaye ni chumvi, na katika nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni huwa mwingi. Usugue kwa brashi kavu, usiuoshe, kwani maji huirudisha chumvi ndani. Nailoni ikibaki kavu usiku kucha, ndipo lipu irudishiwe, na rangi ya kwanza iwe ya maji, kwa sababu rangi ya mafuta huufungia ukuta unyevu uliobaki.